Vinavyopanda

Barua ya kampuni ya gesi ilifika Jumanne,
jina langu wamelikosea: Bi. Ishbel Gedes,
herufi moja wameila njiani.
Bei imepanda, wanasema, kwa masikitiko makubwa.
Masikitiko yao siwezi kuyatia kwenye mita.

Mita yangu inaishi ndani ya kabati la viatu.
Inakula ufunguo wa plastiki, ufunguo unakula pauni,
na mimi nikishawalisha hao wawili
nakula supu ya juzi.

Chumba cha mbele nimekifunga, nimekizika.
Upenyo wa mlango nimeuziba kwa koti la marehemu Wattie,
mikono yake imetandazwa sakafuni
kama mtu anayechungulia ndani.
Chai nachemsha mara moja, naitia kwenye chupa.
Sweta mbili, soksi mbili, na kofia,
mimi niliyelelewa kwamba kofia ndani ya nyumba
ni utovu wa adabu.

Usichana wangu niliumaliza katika kiwanda cha juti,
tukitoka jasho katikati ya Januari,
tukiomba dirisha moja tu lifunguliwe.
Ningejua, lile joto ningelichota kwa ndoo.

Hapa Dundee, saa kumi jioni jua limeshaaga.
Nilikuwa nawasha hita saa kumi na moja, nazima saa moja.
Wiki ya theluji nikapunguza: saa nzima tu.
Halafu nusu.
Halafu nikaacha kabisa,
nikakaa gizani na blanketi, nikijisifu,
nikihesabu pauni nisizotumia
kama mtoto anavyohesabu meno yaliyong'oka.

Usiku wa tatu, mtoto wa ghorofa ya juu akaanza kulia.
Si kilio cha njaa; cha njaa nakijua, kina hasira.
Hiki kilikuwa chembamba, kinakatika,
kinaanza tena.

Asubuhi nikakutana na baba yake ngazini,
Struan, yule kijana wa kusambaza vifurushi,
mtoto kamfungia ndani ya jaketi, pua tu ndiyo inayoonekana.
"Samahani kwa kelele," akasema. Akasita.
"Bi. Geddes, unaumwa? Sakafu yetu imepoa."

Sakafu yetu imepoa.
Nilishuka vipandio kumi na viwili kabla sijaelewa.
Kumbe siku zote hizi joto langu
lilikuwa likipanda bila kupiga hodi,
likipenya mbao, zulia, godoro la mtoto.
Nikageuka. "Na nyinyi hamwashi?"
"Tangu Oktoba," akajibu, akiviangalia viatu vyake.

Nilikasirika, sitaficha.
Mimi nanyonya mfupa wa supu, wao wanaota moto wangu!
Nililala na hasira ile mpaka alfajiri,
na wanaosema hasira huwaka
hawajajaribu kuipashia miguu.

Kisha nikawaza: lingekwenda wapi?
Bila wao lingepita moja kwa moja hadi paani,
likawafaidi njiwa.

Jana usiku bahasha imesukumwa chini ya mlango wangu.
Pauni nne, tatu kati yake za sarafu ndogo ndogo.
Hakuna barua. Jina langu tu juu yake,
herufi zote zimo.

Leo saa kumi na moja kamili nimewasha hita.
Nimechukua birika, miwani, kiti changu cha kukunja,
nimefunga mlango nyuma yangu.
Hesabu hainiungi mkono, najua:
karibu na hita ndiko kwenye joto zaidi.
Lakini hita haijawahi kuniuliza kama naumwa.

Bei imepanda. Joto limepanda.
Nami, goti la kushoto likinung'unika kila kipandio,
napanda.

Struan kafungua kabla sijabisha.
Mtoto yuko chali sakafuni, soksi moja imemvuka,
anaipigia teke dari yangu.
Nimevua kofia.